Barua Iliyolala Kwenye Faili la Salamu

Ulituona. Usijitie hamnazo. Jumatatu ulipita mlangoni pa wizara ya mambo ya nje, ukamwona dada yetu, fundi cherehani, kashika picha ya mdogo wake, nawe ukainamia simu ambayo hata haikuita.

Huyo pichani ni fundi wa kuchomelea. Alikwenda ng'ambo kuunga mabomba. Wenzake walipogoma akawasemea, serikali ya huko ikamfunga. Huu ni mwezi wa saba yumo ndani, na wizara yetu wimbo ni ule ule: "Tumewaandikia, tunasubiri majibu." Mimi shule sikufika mbali, lakini sisahau. Mabaharia wetu walipokamatwa mwaka ule, tuliambiwa maneno haya haya. Wawili walirudi ndani ya masanduku.

Jana dada aligoma kutoka ofisini kwa afisa wa dawati la nchi ile.

"Mama, nimeshasema hawajajibu."

"Basi nionyeshe hilo faili lisilo na majibu."

"Hizo ni siri za serikali."

"Siri yenu nimeibeba mgongoni ikininyea, baba. Fungua!"

Akaitwa mzee wa masijala. Alikuja na mafaili mawili: jembamba la mfungwa, na jingine nene, SALAMU NA PONGEZI. Akakohoa.

"Bosi, barua yao imo humu. Ina wiki tatu."

Barua za kibalozi huanza kwa kuamkiana: ubalozi unaisalimu wizara kwa heshima kuu, unaitakia kila la heri. Aliyeipokea aliishia hapo, akaipeleka kwenye kadi za mwaka mpya. Aya ya pili ilisema: tumeni afisa aje amwone mfungwa kabla ya Ijumaa, ndiyo hii ya wiki hii, la sivyo hukumu itasomwa bila ninyi.

"Nani kaipokea?"

Afisa alitazama dari. "Sahihi ni yangu."

"Na hizo salamu, mwanangu, uliziitikia angalau?"

Mzee wa masijala akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Dada, tuyamalize humu humu," afisa akasihi. "Safari lazima iidhinishwe na katibu mkuu, naye yuko semina mpaka Jumatatu."

"Jumatatu mdogo wangu ameshahukumiwa!" Akaipiga barua picha. "Hairuhusiwi? Nishtaki. Na mimi nitajibu baada ya miezi saba."

Leo Jumatano. Semina iko kwenye hoteli inayotazamana na posta. Saa nne katibu mkuu hutoka kunywa chai. Tukiwa kumi atatuita wahuni. Tukiwa mia tano ataomba kalamu. Dada ameshatangulia. Vaa viatu. Mshike jirani yako mkono, mje sasa hivi.