Dhambi Aliyojibebesha Marlys

Marlys Rausch alipojifungua mtoto wake wa nne, alivuja damu mpaka midomo ikawa myeupe. Mumewe Leander, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alisimama kwenye korido ya hospitali na ovaroli lake linalonuka zizi, akamsikia daktari akisema kwamba mama ameokoka, lakini mimba nyingine inaweza kummaliza. Kesho yake Marlys, bado amelala chali, alimshika mkono akanong'ona kwamba hataki tena mtoto mwingine, maisha yake yote. Leander akamwambia sawa.

Hiyo ilikuwa Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika parokia ya Mtakatifu Wendelini, ambako wenye watoto wanne walionekana ndiyo kwanza wameanza. Padri Kilian mwenyewe aliwaeleza kwamba kwa hali ya Marlys Kanisa haliwakatazi kupumzika kuzaa. Wafuate siku za mwili wake, na zile za kushika mimba wajizuie. Marlys akanunua kipimajoto, akawa anajipima kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, maana joto la mwili ndilo linaloonyesha siku hizo.

Leander hakukiamini kile kijiti cha kioo. Kila alipokitazama aliona ile midomo. Basi siku moja ya Novemba akaaga kwamba anakwenda Minneapolis kutafuta kipuri cha mashine ya kukamulia. Kipuri alinunua kweli. Ila kabla ya kurudi aliingia kliniki ambako hakuna aliyemjua, akafungwa uzazi. Jioni alikamua ng'ombe huku ameuma meno, na Marlys alipomuuliza kwa nini anachechemea, alisema ameteleza kwenye barafu.

Alijua vizuri kwamba kwa Kanisa jambo kama hilo ni dhambi kubwa, isiyomruhusu mtu kupokea Komunyo kabla ya kuungama. Alijiahidi ataungama. Lakini kuungama kunataka majuto, na kila alipomwona Marlys jikoni, anacheka, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, majuto hayakuja. Na kwa kuwa kubaki kwenye benchi wakati wa Komunyo kungekuwa sawa na kujitangaza, aliinuka kila Jumapili akapokea pamoja na wengine, na kila Jumapili ikawa ngumu zaidi kumeza.

Tessie, yule kitinda mimba, alipoanza kukimbia, hofu ilimtoka Marlys. Daktari mwingine alimpima akasema hatari ipo, lakini akiangaliwa vizuri anaweza kuzaa. Marlys alimfuata mumewe zizini, uso wake kama wa bibi harusi, akamwambia angependa wamwachie Mungu mlango wazi. Hapo ndipo Leander alipopaswa kusema. Badala yake aliinama tena chini ya ng'ombe, akajibu, "Kama unataka."

Miezi ikapita. Kipimajoto kile kile sasa kilitumika kuzitafuta siku walizokuwa wakizikwepa. Jumapili moja, watu wanakunywa kahawa baada ya Misa, jirani yao Bernie Thelen akapaza sauti: "Leander, ng'ombe wako wanazaa kila mwaka. We mwenyewe umeishiwa malisho?" Watu wakacheka. Leander naye akacheka. Marlys aliangalia ndani ya kikombe chake.

Baada ya hapo Marlys akaanza kuhudhuria Misa za asubuhi, hata kukiwa na theluji ya kufika magotini. Aliacha sukari, akaacha keki. Nyumbani alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa ukumbini, na Leander alipokwenda kukamua alimpita hapo hapo. Alidhani anaomba mtoto tu.

Kisha Padri Kilian akawaomba wakazungumze na wachumba waliokuwa wakifundishwa ndoa. Wanandoa wengine walikuwa wameshafanya hivyo, na kukataa kungezua maswali. Wakaenda, Jumapili mchana. Leander alisema maneno machache juu ya uvumilivu, akakaa. Marlys akasimama.

"Nitawaambia kitu ambacho hata mume wangu sijamwambia," alisema. "Nilipokuwa hospitali nilisema sitaki tena mtoto. Mungu akanisikia. Sasa ninamtaka huyo mtoto, na amenifunga. Ni adhabu yangu. Ninyi msije mkasema maneno kama yale."

Padri Kilian aliingilia kati, akasema Mungu hana kinyongo na mama aliyeumia. Lakini msichana mmoja alikuwa tayari analia, na Leander hakusikia lililofuata.

Garini aliwasha injini ili joto lipande, lakini hakuondoa gari. Akamwambia yote, macho kwenye kioo cha mbele: kliniki, Novemba, midomo yake.

Marlys alifuta ukungu kwenye dirisha la upande wake.

"Ulisema umeteleza," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nikakukanda mguu."

"Ndiyo."

"Kuogopa nisingekulaumu. Hata mimi niliogopa. Lakini ulikuwa unanipita pale nimepiga magoti, Leander. Unanipita, unakwenda kukamua."

Marlys akamwambia aendeshe, watoto wanasubiri chakula.

Tangu siku hiyo Marlys alilala chumba cha wasichana. Alipika, alifua, alimsaidia zizini kama kawaida, na mbele ya watoto alimwita Baba kwa sauti ile ile. Wawili tu walipobaki, hakumwita kabisa.

Leander akaenda kuungama. Padri Kilian alimuuliza kama anajuta. Akajibu kwamba uwongo anaujuta mpaka mifupani, lakini lile lililomwepusha kumzika mkewe hajui kama ataweza kulijutia. Padri akamwambia kwamba kutamani kujuta ni mwanzo, na Kanisa halimlazimishi kurudi kwa daktari akafunguliwe. "Kwa Mungu nitakusemea," alisema. "Kwa mkeo itabidi ujisemee mwenyewe."

Alijisemea, mara nyingi, vibaya. Marlys alisikiliza huku anakunja nguo.

Katikati ya Kwaresima alirudi chumbani kwao na mto wake. Hakusema amesamehe. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamweleza kwamba miezi mingine damu ilipokuja, kabla huzuni haijamfika, alikuwa anashusha pumzi kama mtu aliyeponea ajali, na ile pumzi ndiyo iliyompeleka magotini kuliko kitu kingine. "Kwa hiyo usidhani ni wewe tu," alisema. Kisha akamwambia kwamba kundi lijalo la wachumba atazungumza nalo yeye Leander, na atasema lote.

Alilisema lote, masikio yakiwaka, Padri Kilian akiwa amekaa nyuma karibu na mlango. Alipomaliza, kijana mmoja mwenye koti la shule ya ufundi aliuliza kama angefanya tena.

Leander alimtazama Marlys. Marlys hakumsaidia.

"Ningemwambia," alisema. "Kabla ya kwenda mjini ningemwambia, tukabishana mpaka tuchoke."

"Na baada ya kuchoka?" kijana akauliza.

Leander akasema hajui. Padri Kilian aliinua kichwa, kama anayesubiri kidogo zaidi, lakini hakuna kilichoongezwa. Marlys alisimama, akachukua birika, akaanza kuwamiminia watu kahawa, na alipofika kwa mumewe akamjazia kikombe, akakaa kiti cha karibu naye.