Sauti ya Bwana Pole

Kaka yangu husoma matangazo ya vifo redioni. Sauti anayo, nzito na ya taratibu, na kazini wamembandika jina la Bwana Pole. Tatizo ni kwamba hajui kuivua sauti hiyo akitoka studio. Akiomba chumvi mezani, utadhani chumvi imefiwa.

Mimi ninaandika michezo ya kuigiza ya redio hiyo hiyo, kwa hiyo Mama alipokaribia kustaafu ukunga, hotuba ya familia iliniangukia mimi. Kuisoma ni haki ya mtoto wa kwanza, yaani Kaka, hilo kwetu halina mjadala. Mama mwenyewe hakutaka sherehe. Wiki zile alikuwa mnyonge, anakunja na kukunjua sare zake nyeupe bila sababu. Aliogopa kugeuka mtu wa zamani, wa kusimuliwa tu. Mwishowe alikubali kwa sharti moja.

"Kaka yako asinizike nikiwa mzima," aliniambia. "Nikisikia nasomwa kama marehemu, nabeba mkoba wangu naondoka. Na msinifuate."

Mama akisema, amesema.

Nikaandika hotuba ya kuvunja mbavu. Niliweka mle jinsi anavyozima taa za nyumba nzima watu wakiwa bado wanakula, na jinsi anavyomuuliza kila mgeni kama amepata choo. Nilipomsomea mume wangu jikoni, alicheka hadi akaunguza mayai. Nikajipongeza mapema.

Siku ilipofika, ukumbi wa hospitali ulijaa wauguzi, majirani na akina mama aliowazalisha, wengine wameongozana na watoto wenye ndevu. Kaka akasimama mbele ya kipaza sauti, akakohoa kidogo, akafungua karatasi.

"Mama yetu," alianza, "hupenda... kuzima taa."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi mkuu akatoa leso.

"Wageni wake huwauliza," Kaka akaendelea, kisha akatua, kama anayesubiri ndugu wa mbali wafike, "kama wamepata choo."

"Maskini," mtu akaguna huko nyuma.

Mama akauvuta mkoba wake kutoka chini ya kiti. Hapo nikaliona kosa langu. Maneno yalikuwa ya kuchekesha, sawa, lakini nilikuwa nimemwandika Mama kama mtu asiyekuwepo: yeye hivi, yeye vile. Na kazi ya Kaka ndiyo hiyo, kuwasimulia wasiokuwepo. Ungempa hata tangazo la mtoto kuzaliwa, angelizika. Nikamfuata mbele mbio mbio.

"Acha kutusimulia sisi," nikamnong'oneza. "Mgeukie Mama. Mwambie mwenyewe."

Akanitumbulia macho. Nikamshika mabega nikamgeuza, kama Mama alivyokuwa akimgeuza zamani kumwosha masikio. Mama alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. Wakatazamana.

"Mama," Kaka akasema, na ile sauti nzito ikamkimbia, akabaki na ya kwake. "Wewe unatuzimia taa hatujamaliza kula."

"Kwani umeme analipa nani?" Mama akadakia.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na wageni unawauliza mambo ya chooni!"

"Nisiulize kwa nini? Wewe mwenyewe ulinisumbua na choo mpaka darasa la tatu!"

Bwana Pole akacheka. Miaka yote ile redioni, sikuwahi kumsikia akicheka kwenye kipaza sauti. Wakajibizana hivyo, mmoja akirusha, mwingine akidaka, muuguzi mkuu akifuta machozi ya aina nyingine kabisa. Karatasi yangu ikaanguka sakafuni na hakuna aliyeiokota, nami sikununa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Halafu Kaka akamsogelea Mama. Alichosema baada ya hapo sikukiandika mimi.

"Ulikuwa unarudi kutoka zamu asubuhi miguu imevimba, na bado unatupigia pasi nguo za shule. Asante, Mama."

Mama alimtazama mwanawe, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

"Kila siku unawataja watu wasioweza kukusikia, mwanangu," alisema. "Mimi nimesikia."

Akaketi, akaurudisha mkoba chini ya kiti, akauliza nani amekunywa soda yake.