Ndama wa Tano wa Sumha

Sumha alizaa alfajiri, na Mislim hakuhitaji kuinama mara mbili. Dume tena! Wa tano! Akaketi mchangani, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akasema kana kwamba mkewe yuko ng'ambo ya moto: "Ghazala, nisamehe. Ndiyo basi tena."

Sumha alikuwa ngamia wa Ghazala, aliyekuja naye siku ya harusi. Ghazala ana miaka mitatu kaburini, na usia wake ulikuwa mmoja tu: uzao wa Sumha usipotee. Sasa, kwa watu wa jangwa la Jidda ukoo wa ngamia huhesabiwa kwa mama: huyu binti wa yule, yule binti wa yule. Dume hahesabiwi. Dume ni nyama, na anayemwacha anyonye mwaka wa ukame huambiwa ana maziwa mengi kuliko akili. Kwa kupanda majike bonde zima lilikuwa na Shaalan, dume wa jirani yao Bakhit, na alitosha. Sumha meno yalikuwa yamekwisha. Asingezaa tena.

"Baba, huyu mwache," alisema binti yake Tuful, mwenye mtoto mchanga mgongoni. "Kwa ajili ya mama tu."

"Nimwache anifanyie nini? Aninyonyeshe?"

"Ana macho ya Sumha."

"Macho hayazai, mwanangu. Na huyo wako mgongoni atakunywa nini, umande?"

Maziwa ya Tuful mwenyewe yalikuwa yamekauka tangu mwezi uliopita. Haraka haraka haina baraka, watu husema, ila husema baadaye. Mislim alichukua kisu.

Jua lilipopanda, Tuful alikuwa ameshaijaza ngozi ya ndama majani makavu, akaishona na kuisimamisha kwa vijiti, ili mama mtu ainuse na kuachia maziwa. Sumha aliinusa, akaanza kuilamba.

Adhuhuri Bakhit akaja, kwa miguu, na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Habari, Bakhit?"

"Habari njema tu, ndugu yangu."

Hivyo ndivyo asemavyo kila mgeni, hata kama ametoka kuzika. Habari yenyewe hungoja kahawa. Baada ya kikombe cha pili akasema, "Shaalan amekufa. Lori la maji limemgonga barabarani, juzi."

"Inna lillahi!"

"Nimezunguka kambi zote saba. Hakuna dume hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Kila mtu amechinja wake akitegemea wangu. Hata mimi, Mislim. Hata mimi mjinga!"

Kisha, juu ya bega la mwenyeji wake, akamwona Sumha akimlamba ndama. Akainuka, kahawa ikamwagika.

"Amezaa dume? Niambie ni dume!"

"Dume, lakini..."

"Alhamdulillahi!" Bakhit alikuwa anacheka na kulia. "Unamkumbuka mama yake Shaalan? Alizaa dume huyo mmoja, akafa. Tulimcheka, tukasema ukoo wake umekwisha. Tazama leo: nani bondeni si mjukuu wake? Madume wakiadimika, ewe ndugu yangu, aliyezaa dume ndiye aliyezaa! Huyu akikua, uzao wa Sumha utajaa kila kambi. Maskini Ghazala, angefurahi."

Mislim aliinuka kumzuia. Bakhit alikuwa ameshafika, amenyoosha mkono kumpapasa ndama shingoni. Majani makavu yakalia chini ya vidole vyake. Mkono ukabaki pale pale.

Tuful akaleta sinia ya wali na nyama, kwa sababu mgeni ni mgeni. Bakhit alijua ni nyama gani. Akaketi, akasema bismillahi, akala matonge matatu taratibu, asimwaibishe mwenyeji wake.

Mislim hakula. "Nimeuchinja uzao wa Sumha mara tano," alisema. "Ghazala aliniambia usipotee, nami nimeuchinja mara tano kwa mkono wangu." Akalia waziwazi mbele ya mgeni, mtu mzima mwenye mvi.

Nyuma yao Sumha aliendelea kuilamba ngozi. Siku ile Tuful alikamua bakuli mbili, na mtoto akalala ameshiba.