Mikono Iliyoachwa Nje ya Darasa

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Kalinga alisimama mbele ya mchoro wa sanduku la umeme, katika darasa la kiwanda cha mbao, nje kidogo ya mji wa Mbeya, akarudia somo lile lile: zima swichi kuu, ndipo ufungue mlango wa sanduku. Ukifungua huku umeme unapita, moto unaweza kuruka kama radi, ukakuchoma uso kabla hujafumba macho. Jailos, aliyeungua hivyo masika ya mwaka huo wa 1956, alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, nyusi hana. Hakuna aliyeomba mfano.

Mafundi waliitikia, kama walivyoitikia siku zote. Kalinga alijua watasahau wakifika mlangoni, na hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe.

Kabla ya adhuhuri fyuzi ya taa za ofisini, ndani ya sanduku lenyewe huko uani, ilikatika. Meneja akaagiza ibadilishwe hivyo hivyo umeme ukipita, msumeno usisimame. Isakwisa, fundi mkuu, akanyoosha mikono kwenye sanduku. Mikono ikachomoka kwenye shati, ikatembea kwa vidole mpaka darasani kwenye benchi la Jailos, ikakaa.

"Iite basi," alisema Kalinga.

"Nimeiita, mwalimu. Inaonyesha swichi tu."

Kalinga nusura alie kwa furaha. Miezi yote ile alikuwa akifundisha vichwa, kumbe iliyokuwa ikisikiliza ni mikono iliyolala magotini. Swichi ikazimwa, mikono ikarudi, fyuzi ikabadilishwa. Msumeno ulisimama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Meneja hakufoka. Alisema mafunzo ni mazuri na yaendelee, ila mikono ibaki nje. Isakwisa akahamishiwa kubeba magogo. Seremala akapigilia rafu kando ya mlango wa darasa. Kalinga alibisha, akasihi, akachora ubaoni. Akajibiwa kwamba rafu imepakwa rangi vizuri.

Nafasi ya Isakwisa ilichukuliwa na mdogo wake, Yohane, kutoka Chimala. Jumatatu iliyofuata aliweka mikono yake kwenye rafu, akaingia, akasikiliza kuliko wote.

"Kabla ya kufungua mlango, Yohane?"

"Nazima swichi, mwalimu."

"Na mikono yako inajua?"

"Haijaniuliza."

Alasiri taa za ofisini zilizimika tena, na meneja akamwagiza Yohane kama kawaida. Kalinga alikuwa akifuta ubao alipoona mwanga mweupe dirishani, kisha mlio. Msumeno haukusimama.

Jailos akasogea kidogo kwenye benchi, kumwachia mtu nafasi.