Mbung'o Aliyetoka Pichani

Rehani aliifuta lenzi kwa pindo la shati, akainamia picha ya nzi iliyokuwa mezani. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na ofisi ya wadudu mjini Morogoro ilitakiwa kusema kama bonde jipya lina mbung'o au halina. Watu wa milimani, juu ya Mlali, walikuwa wakihamishiwa huko. Mama yake mkubwa, Mwanaheri, alikuwa mmoja wao.

Nzi alikuwa ametua juu ya jani. Mabawa yake yalilaliana kama mkasi uliofungwa, na mdomo ulichongoka kuelekea mbele. Nzi wa jikoni hakai hivyo.

"Ni mbung'o," Rehani alimwambia Ndugu Lukasi, msimamizi wa uhamisho, aliyekuja kuchukua jibu. "Atawaletea watu malale. Watalala mpaka wafe."

"Tazama tena," alisema Lukasi. "Malori yameshatiwa mafuta."

Rehani akatazama tena. Nzi akanyanyua miguu, akatoka pichani, akazunguka chumba. Modesta, karani, akafunika chai yake kwa kisahani, kama alivyofanya kila picha za bondeni zilipoletwa. Picha za nzi wa maembe hazikuwa na usumbufu huo.

Nzi akatua shingoni mwa Lukasi, juu kidogo ya kola, akanywa. Lukasi akajipiga kofi. Akautazama mkono wake wenye damu, akaufuta kwa leso.

"Anauma kweli," alisema.

"Ndiye huyo, ndugu."

Lukasi akaivuta picha. Lilikuwa limebaki jani tu.

"Sasa hapa unaona mbung'o?"

"Umemuua, ndugu."

"Nimekuuliza unaona nini."

Rehani akainama. Alikawia kwenye lenzi, akimfikiria mama yake mkubwa, na pia nyumba ya serikali aliyokuwa akiishi na wanawe.

"Naona jani," alisema.

"Basi bonde ni salama." Lukasi akampa mkono na kumshukuru kwa utaalamu wake.

Jumamosi Rehani alikwenda Mlali kumuaga Mwanaheri. Alimkuta kando ya lori, ameketi juu ya godoro lake lililokunjwa, tenga la kuku miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema umelipima bonde, halina mbung'o."

"Aliyekuwepo amekufa."

Mwanaheri akalisogeza tenga karibu. "Na ambao hawakupigwa picha?"

"Hao ofisi haijaletewa."

Mwanaheri akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jibu la ofisi, na alikwishazoea majibu ya ofisi. Akapanda lori, Rehani akampandishia kuku na godoro. Ubao wa nyuma alilazimika kuufunga mwenyewe. Utingo, aliyekuwa akipeleka watu bondeni tangu msimu uanze, alikuwa amelala kivulini, na hakuamka alipoitwa.