Pua ya Boneti

Ukiishi na fundi bodi wa magari, masikio nayo husomea ufundi. Mama Bonge, hata akiwa ndani anamvalisha mtoto, alijua boneti iliyofungwa vizuri inaliaje. Mumewe huiinua, huiachia ijiangukie kwa uzito wake, nayo husema kap, sauti fupi isiyobembeleza mtu. Siku hiyo haikusema kitu.

Gari lilikuwa lao wenyewe, kuukuu lakini la heshima, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kwenye vilima lilikata pumzi. Baba Bonge alisema injini inavuta hewa ya moto iliyojifungia chini ya boneti, inapikika kwa joto lake yenyewe. Akachukua grinda, akatoboa boneti juu ya chujio la hewa, kisha akatengeneza pua ya faiba inayotazama mbele ili upepo wa barabarani uingie humo moja kwa moja. Chini ya pua akaweka boksi la bati na kulizungushia raba nene, hewa isipotee njiani. Mama Bonge ndiye aliyeipiga msasa pua hiyo, Bonge akiwa amelala mgongoni mwake, mpaka ikawa laini kama shavu.

Majirani walikuja kuitazama. Fundi Redieta, aliyekuwa na karakana upande wa pili wa ukuta, alisema sasa limebaki kushikwa na mafua tu. Baba Bonge akamjibu kwamba likipiga chafya, yeye atakuwa bado anasukuma la kwake. Watu wakacheka. Basi katika kicheko hicho, kwa kuwa rangi ilikuwa mbichi na aliionea huruma, Baba Bonge hakuiachia boneti ianguke. Aliishusha kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia sasa hivi, akaisindikiza kidogo kwa vidole. Raba mpya ikaipokea kwa chini. Kimya.

Mama Bonge alifungua mdomo, akaufunga. Mara ya mwisho alipomkosoa mbele ya wanaume wenzake, mume alinuna hadi chakula kikapoa mezani. Akajiambia huenda kelele za watu ndizo zilizoimeza ile sauti. Na yeye ni nani? Fundi si yupo? Akaingia kiti cha nyuma, akampakata mwanawe, wakaondoka kwenda kulijaribu gari kilimani.

Kwenye barabara kuu gari lilipanda kilima bila kukohoa. Baba Bonge alitabasamu kwenye kioo, akamuuliza mkewe kama anasikia linavyopumua. Alisikia. Ila macho yake, kupitia kati ya viti viwili vya mbele, yalikuwa yameganda penye ncha ya boneti. Ilikuwa inatetemeka. Inainuka kidogo tu, inatua, inainuka tena, kama kifuniko cha sufuria inayoanza kuchemka. Na kadiri gari lilivyokimbia ndivyo ile pua ilivyozidi kumeza upepo.

Akambana Bonge kifuani mpaka mtoto akalalamika. Nyuma yao lilikuja lori, karibu mno, taa zake zimejaa kwenye kioo.

"Baba Bonge, boneti haijafunga."

"Imefunga. Nimeifunga mwenyewe."

"Haikulia."

Mama Bonge aliona shingo ya mumewe ikikakamaa. Fundi alijua, kama alivyojua yeye, kwamba ile raba ilikuwa imeizuia boneti isifike kwenye komeo, na kwamba kilichobaki kuishikilia ni ile kulabu ndogo ya akiba. Kufunga breki asingeweza, lori lingewapanda. Kuongeza mwendo ni kuulisha upepo. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akawasha taa za dharura. Lori likapiga honi ndefu yenye hasira.

Mbele likatokea basi, likawapita kwa kishindo cha upepo. Kulabu ikaachia. Boneti ikapaa, ikakipiga kioo cha mbele, na ndani ya gari kukawa giza.

"Sioni," alisema Baba Bonge. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha mkewe kuliko ule mshindo.

Mama Bonge alishusha kioo, akatoa kichwa nje, mkono mmoja umemfunga mtoto. Upepo ulimchapa hadi machozi yakamtoka. Aliuona mstari wa pembeni, aliuona na mtaro.

"Kushoto kidogo. Kidogo, kuna mtaro. Nyoosha. Nyoosha hivyo hivyo. Sasa breki, polepole."

Magurudumu yakakwaruza kokoto, gari likasimama. Lori likawapita, dereva akiwatupia maneno yaliyochukuliwa na upepo.

Bonge alilia, na kilio hicho kilikuwa kitamu. Mama yake alishuka naye, akampapasa kichwa, mikono, vidole, kimoja kimoja. Baba mtu naye alishuka, akawasogelea.

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Walikuwepo watu." Alipojisikia akilitamka neno hilo, likamtia hofu nyingine, ya ndani zaidi: alimpakia mwanawe humo, huku akijua, ili mtu asione haya.

Mume akainamisha uso. Hakununa. Akatoa kamba kwenye buti, akaikunja chini ile boneti iliyopinda, akaifunga kwenye bampa. Wapita njia walikuwa wamesimama, wawili watatu, mmoja anatoa ushauri ambao hakuombwa. Baba Bonge akapangusa mikono, akafungua mlango wa nyuma.

Mama Bonge hakuingia. Alisogea mbele na mtoto wake, akaishika kamba kwa mkono mmoja, akaivuta. Ikalegea.

"Haijakaza," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Fungua, uanze upya."

Baba Bonge akapiga goti, akaanza kulifungua fundo.