Herufi Ndogo Chini ya Ukurasa

Ofisi ile ilikuwa na watu wanne, kompyuta sita na ugomvi mmoja usiokwisha: programu ipi ya kuandikia ndiyo bora. Usione ni jambo dogo. Mtunga programu utaazima kikombe chake usikirudishe na atakunyamazia, lakini iseme vibaya programu anayoandikia uone atakavyokuja juu. Ndevu, aliyekaa karibu na dirisha, alitumia ile ya kizamani isiyotaka hata kipanya, yenye amri za kukaririwa kama jedwali la kuzidisha. Kidole, aliyekaa mkabala naye, alitumia ya kisasa, nyeusi tititi, yenye maneno ya rangi, na kwa miaka miwili alikuwa ameipamba na kuirekebisha mpaka haikufaa tena kutumiwa na mtu mwingine yeyote. Wale wawili waliobaki walikuwa wakienda kula mapema ili wasiwasikie.

Siku hiyo, saa saba na nusu mchana, ugomvi ulikatizwa na Mamkubwa.

Mamkubwa alikuwa dada mkubwa wa mama yake Kidole, na ndiye aliyemlea. Hata jina la Kidole lilitoka kwake. Mtoto wa miaka minne alikuwa akipandishwa kwenye kiti mbele ya taipureta, ulimi nje, anatafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, analipwa mshahara kwa kubonyeza, lakini jina lilikuwa limeshaganda. Hata ofisini lilimfuata, kwa kuwa Mamkubwa alipopiga simu pale mara ya kwanza aliomba kuzungumza na Kidole, wala hakufafanua.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na mgeni." Akafungua fundo la leso yake, akatoa flashi. "Tausi wangu anasafiri leo."

Habari ya tausi Kidole aliijua fika. Mamkubwa alikuwa mpiga chapa kwa miaka thelathini na moja, anawachapia wakubwa barua zao. Chini ya kila barua, pembeni kushoto, huwekwa herufi kubwa za jina la aliyeitunga, kisha mkwaju, kile kistari cha mshazari, kisha herufi ndogo za jina la aliyeichapa. "Mimi maisha yangu yote nimeishi baada ya mkwaju," alikuwa akipenda kusema, na watu hucheka, naye hucheka nao. Alipostaafu alishika sindano ya kufumia vitambaa, na michoro yake akaichapa kwenye kompyuta kwa eksi na nafasi: penye eksi mfumaji ajaze uzi, penye nafasi aache tundu. Jarida moja la mafundi wa ufumaji lilikuwa limesikia sifa za mchoro wake wa tausi likautaka. Lingeuchapa ukurasa mzima, na jina lake juu. Ila ufike kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo ukurasa ungepewa kikapu cha maua cha fundi mwingine.

"Na umemchapia wapi?" Kidole aliuliza, huku akichomeka flashi.

"Kwenye ile karatasi nyeupe ya kompyuta. Ile isiyo na mbwembwe."

"Mamkubwa! Ile nayo ni programu? Ile ni kipande cha karatasi tu."

"Ndiyo maana naipenda. Karatasi haijifanyi inajua kuliko mimi."

Ndevu alicheka mpaka akajifuta macho. Kidole, kwa kutaka kumwonyesha mama wa watu maana ya programu ya kweli, alimfungua tausi kwenye programu yake nyeusi. Akatokea mzimamzima: mistari sitini na minne, kichwa kimeinuliwa, mkia umetandazwa mpaka ukingoni, kila unyoya na jicho lake. Hata Ndevu aliondoka dirishani akaja kutazama.

"Umeona anavyong'aa?" Kidole alimgeukia. "Hiyo yako ingemwonyesha hivi? Ingekutaka kwanza ukariri amri tatu!"

Ndevu akajibu, Kidole akajibu jibu, na wakati mdomo wake ukibishana, mkono wake wa kushoto ulifanya kile unachofanya kila nusu dakika tangu siku umeme ulipokatika akapoteza kazi ya wiki nzima. Ulibonyeza kuhifadhi. Macho yake yalikuwa kwenye ndevu za Ndevu. Kisha akafunga programu bila kuitazama tena, akafungua barua pepe, akauliza anwani ya jarida.

"Ngoja kwanza," alisema Mamkubwa. "Barua haitoki mezani kwangu kabla sijaisoma. Nifungulie kwenye karatasi yangu."

Kidole akamfungulia. Kwenye ile karatasi nyeupe hapakuwa na tausi. Palikuwa na rundo la eksi zimesukumwa upande wa kushoto, zimebanana, mistari mingine mifupi na mingine mirefu, haina kichwa wala mkia.

"Umefungua faili lingine," Mamkubwa alisema kwa upole.

Hakuwa amefungua lingine. Kidole alijua papo hapo kilichotokea. Wateja wa ofisi ile walikuwa na tabia ya kuleta maandishi yaliyojaa nafasi za ovyo, basi yeye, kwa werevu wake, alikuwa ameiamuru programu yake kwamba kila faili la maneno matupu likihifadhiwa, nafasi zote zilizofuatana zipunguzwe ziwe moja. Aliisifia kanuni hiyo miezi sita. Na tausi wa Mamkubwa, zaidi ya nusu yake, alikuwa nafasi tupu.

"Tengua," Ndevu alinong'ona.

"Nimeshaifunga." Ukishaifunga, kumbukumbu ya kutengua nayo huenda zake. Maji yakimwagika hayazoleki. "Mamkubwa, una nakala nyumbani?"

"Nakala? Enzi za kaboni sikuwahi kutoa barua bila nakala mbili. Wewe ndiye uliyeniambia kompyuta haisahau."

Ikabidi amweleze. Alieleza vibaya, akirudiarudia, na kila alipofika kwenye neno "nafasi" alianza upya. Mamkubwa alisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza wakubwa wakimsomea barua. Kisha akaanza kuikunja ile leso, nusu, robo, ikawa ndogo ya kuenea kiganjani.

"Basi, mwanangu. Watachapa kikapu cha maua. Si kibaya, nimekiona." Alitabasamu. "Miaka thelathini na moja baada ya mkwaju haikuniua, sasa ndiyo itaniua?"

Kidole alitamani Mamkubwa amgombeze. Angemwita mjinga, angempiga hata kwa leso, lingekuwa jambo la kuvumilika.

"Laiti kingekuwa karibu kile kitambaa chenyewe," Mamkubwa aliendelea, anainuka. "Nilichokufumia ulipopata kazi hii. Tausi ni yuleyule, tundu kwa tundu. Lakini kiko kwako, umefunikia kompyuta ya nyumbani, na mpaka uende urudi saa kumi imepita."

Ukutani saa ilionyesha saa nane kasorobo. Ndevu alianza kusema labda mtu akodi pikipiki, na Kidole alisimama pale uso umemwiva. Maana kitambaa hakikuwa nyumbani. Siku yake ya kwanza kazini alikuja nacho, akakitandaza juu ya kompyuta, na mtu mmoja akauliza kama mashine ina mafua. Ofisi nzima ilicheka. Tangu hapo kila Mamkubwa alipouliza, Kidole alijibu, "Kiko nyumbani, nakifunua kila asubuhi." Angenyamaza, siri ingebaki siri, na tausi angekufa nayo.

Akapiga magoti, akavuta droo ya chini.

Alitoa nyaya, akatoa kibodi mbovu, akatoa pakiti ya biskuti iliyosahaulika, na chini kabisa akakitoa kitambaa. Kilikuwa na duara la kahawa kwenye pembe moja.

Mamkubwa alikitazama, akamtazama Kidole, akakitazama tena.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako imeishia droo ya chini."

"Nisamehe, Mamkubwa."

"Imeniuma, sikufichi. Tutaizungumza vizuri siku nyingine, nikiwa na nafasi ya kukasirika. Sasa hivi kaa hapo, uandike."

Walijipanga. Kidole aliifuta kwanza ile kanuni yake ya werevu, kwa mkono wake mwenyewe, Ndevu akishuhudia. Ndevu alipanda juu ya kiti, akakishika kitambaa mbele ya dirisha ili mwanga upite matunduni. Mamkubwa alisimama mbele yake, miwani puani, akipitisha ncha za vidole kwenye uzi, kwa kuwa matundu aliyahesabu kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

"Mstari wa kwanza. Eksi sabini."

"Tayari."

"Wa pili. Eksi moja, nafasi sitini na nane, eksi moja."

"Tayari."

"Wa tatu, wa nne na wa tano kama wa pili."

Kidole alibonyeza mara moja, mistari mitatu ikashuka kwa mpigo. Mamkubwa aligeuka.

"Hee! Umefanyaje?"

"Nimenakili."

"Ningekuwa na kitu hicho mwaka ule tulipohama jengo, nikachapa anwani mpya kwenye barua mia tisa!" Akatikisa kichwa. "Nimeanza kuiheshimu hiyo nyeusi yako. Kidogo. Mstari wa sita."

Kuanzia mstari wa kumi na mbili hapakuwa na cha kunakili. Tausi alianza, na tausi hafanani kushoto na kulia. Mamkubwa alisoma kwa mwendo uleule, bila haraka, na Kidole aliandika kwa vidole vyote kumi alivyofundishwa na sauti ileile. Aliporudi nyuma kusahihisha, sauti ilimngoja. Wale wawili waliokwenda kula walirudi wakakuta Ndevu yuko juu ya kiti ameshika kitambaa kama anaanika nguo, wakataka kucheka, wakatazamwa na Mamkubwa, wakaketi. Mmoja alipokea zamu mikono ya Ndevu ilipochoka.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano, mstari wa sitini na nne ulifungwa.

"Tuma!" alisema Ndevu.

"Barua haitoki kabla sijaisoma," alisema Mamkubwa, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha saa. Alikaa kwenye kiti cha Kidole, akapitisha ukucha kwenye skrini mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa kumi na saba akasimama.

"Tausi wako kipofu."

Kweli. Nafasi moja ya jicho ilikuwa imejazwa eksi. Kidole aliifuta, na yule ndege akamwangalia.

Zilibaki dakika saba. Mamkubwa alivuta kibodi kwake, akashuka mpaka chini kabisa ya mchoro, pembeni kushoto. Taratibu, kama mtu anayeonja kitu, alichapa herufi kubwa za jina lake. Akazitazama kidogo. Kisha akachapa mkwaju, na baada ya mkwaju, herufi ndogo za Kidole.

"Ah, Mamkubwa, toa hizo," Kidole alisema, na macho yalianza kumlowa. "Mimi ndiye niliyemharibu."

"Nani amechapa?"

"Mimi. Lakini..."

"Basi ndiyo kanuni. Aliyetunga mbele, aliyechapa nyuma. Na usipadharau hapo nyuma, pana watu wenye heshima zao." Akamsogezea kibodi. "Tena kidole kimoja hakivunji chawa. Haya, tuma."

Barua ilikwenda saa kumi kasoro dakika nne. Jibu la jarida lilikuja kabla hawajamaliza kupongezana: tausi amefika salama, mzuri, jina liandikwe vipi juu ya ukurasa? Mamkubwa alilitamka jina lake lote, na la baba, na la babu, Kidole akaliandika kama lilivyotamkwa.

Alipokwisha kuondoka, Ndevu alikohoa, akauliza kwa sauti ya chini kama mama huyo huwa anachukua oda. Kidole alimwambia atamuulizia. Kisha akakikung'uta kitambaa, akakitandaza juu ya kompyuta yake, duara la kahawa likaning'inia mbele ambako kila anayeingia angeliona. Hakuna aliyeuliza kama mashine ina mafua.